Walimu wanoko waliotulinda kimyakimya: tupeane uzoefu

Wakuu, nimerudia msimu wa kwanza wa My Hero Academia, ile katuni ya Kijapani iliyotokana na vitabu vya Horikoshi vilivyoanza kutoka 2014. Nimenasa kwa ticha Aizawa, anayefundisha shule ya kuandaa mashujaa wenye uwezo wa ajabu. Siku ya kwanza tu anawapeleka wanafunzi uwanjani, majaribio 8, na atakayeshika mkia anafukuzwa. Baadaye anasema alikuwa anawazuga ili wajitume. Hacheki, macho mekundu, analala kwenye begi la njano kama furushi. Lakini wahalifu wanapovamia, anajitosa peke yake katikati yao. Uwezo wake ni kuzima uwezo wa mwingine kwa kumkazia macho, na akipepesa tu umekwisha, kwa hiyo mpiganaji wa kundi zima si yeye, na anajua. Anavunjwa mikono yote miwili. Masomo yanaporejea, mwanzoni mwa msimu wa pili, huyo anaingia darasani na bandeji kichwa kizima, anaanza kutangaza tamasha la michezo.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa hesabu. Kila Ijumaa alinibakiza peke yangu: maswali kumi, kosa moja unaanza upya. Nilimchukia vibaya mno. Nikimaliza anafunga ofisi, anatangulia njia ileile ninayopita, hatua kama ishirini mbele, bila kunisemesha. Pale kwenye kona walipokuwa wanakaa vijana waliozoea kutupora, anainama anafunga kamba za viatu mpaka nipite. Nimekuja kushtuka nikiwa mtu mzima: viatu vyake havikuwa na kamba.

Ninyi wenu walikuwaje? Majina tuyaache.

#2
Wangu wa kike, mkali hata kivuli chake unakikwepa. Alininyang'anya simu mbele ya darasa zima, akasema nitaichukua muhula ukiisha. Nililia wiki nzima. Nilikuwa nachati na mtu mzima aliyejifanya rika langu, na nilishamkubalia tukutane. Rafiki yangu ndiye aliyemnong'oneza mwalimu. Darasani alisema tu "unachezea simu kwenye kipindi changu", kwa hiyo hakuna aliyejua lolote. Mama ndiye aliyenisimulia miaka mingi baadaye, kwamba siku ileile mwalimu alikuja nyumbani na simu ikiwa kwenye bahasha, wakaenda wote wawili kuripoti. Mimi nilikuwa chumbani nimenuna, nikasikia sauti yake sebuleni nikajua amekuja kunishtaki. Nikaongeza sauti ya redio.

#3
Jamani tusipake rangi. Wengine walikuwa wakali tu, basi. Wangu alikuwa anatupiga rula kwenye vifundo vya vidole na mpaka leo sijasikia alimlinda nani.

#1
Kweli mkuu, huyo simtetei. Pole.

#4
Wangu alimtimua darasani jamaa yangu kwa "kelele" dakika chache kabla ya msako wa mabegi. Jamaa hakuwa amefungua mdomo. Begi lake lilikuwa na nini, hilo tumwachie mwenyewe, maana anasoma humu.

#5
Mimi niko upande wa pili wa chaki, naomba niseme la kwetu. Nina kijana darasani ambaye hajui kusoma, na wenzake hawajui kama hajui. Zamu ya kusoma kwa sauti ikimkaribia, namfokea: "Wewe kaa, sauti yako inanipigia kelele, anayefuata!" Darasa linacheka, yeye anainama. Inaniuma, ila bora wacheke ukali wangu kuliko wacheke hicho kingine. Sina hakika kama napatia. Jioni namwita stoo "kupanga vitabu", tunafunga mlango wa vumbi ule, tunasoma. Tulianzia silabi. Sasa anavuta sentensi fupi kwa kidole, akifika kwenye "ng'" anasimama, ananitazama, anaruka.

Juzi kakaa kimya muda mrefu, kisha kaniuliza, "Mwalimu, kwani unanichukia?"

Nikamwambia afungue ukurasa wa 12.