Nimemrudisha Maimuna kwa Maksuudi, na wasomaji wamegawanyika

Binti wa Chake
Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliandika hadithi ya kishabiki, yaani hadithi yangu mwenyewe juu ya mhusika wa mtu mwingine. Nilimchukua Maimuna wa *Utengano*, riwaya ya mwaka 1980 ya Said Ahmed Mohamed, Mpemba mwenzetu. Maimuna ni binti ambaye baba yake, Maksuudi, alimfungia ndani. Nimemrudisha akiwa mtu mzima, akamkalisha baba yake kitako na kumhoji tangu magharibi hadi alfajiri, na mwishoni hakuna msamaha. Chumba nilichomfungia, hata hivyo, sicho cha riwaya; ni stoo ya karafuu niliyokuwa nikifungiwa mimi nilipokuwa na miaka minane, magunia ya makonyo yamepangwa mpaka juu, na mwanga ni ule mstari mmoja chini ya mlango, ambao ukikatika unajua kuna miguu ya mtu imesimama pale.

Wapo waliosema nimemvunjia mzazi heshima, na ndugu yangu mmoja aliyeitambua stoo hanisemeshi. Wengine wananiandikia faraghani usiku mkubwa, wakinieleza vyumba vyao. Msomaji mmoja aliishia pale komeo linaposhuka. Je, niifute, nimpe Maimuna mwisho mwepesi, au niiache ilivyo?

Mzee wa Vikokotoni
Mwanangu, usiifute. Maksuudi ni mtu wa kuheshimiwa nje na jabari nyumbani, na aliyemwanika ni mwandishi wake, zamani, kabla yako. Langu ni jingine: baba uliyemwandika analia tu, hana la kujibu, nami sijapata kumwona jabari wa namna hiyo akakosa jawabu. Angesema, "Nilikuwa nakulinda," tena angelisema kwa upole, huku akijimiminia kahawa. Hapo ndipo Maimuna angekuwa na kazi ya kweli, na sisi pia tunaosoma.

Mama wa Wete
Dada, aliyekwama kwenye komeo ni mimi. Nilikuwa nikisoma kwenye simu, mtoto wangu amelala ubavuni, na nilipofika pale nilijikuta nimeamka kwenda kuhakikisha kwamba mlango wa chumba uko wazi. Nilirudi siku ya tatu, mchana, nikaimaliza, na sikujuta. Sikuombi uilainishe, ninachoomba ni sentensi moja tu juu kabisa, ya kumweleza msomaji kilichomo, ili achague mwenyewe saa ya kuisoma.

Msikilizaji, Unguja
Nafanya kazi na watoto, kwa hivyo nitagusia hao wanaokuandikia faraghani. Ikiwa miongoni mwao yumo ambaye bado ni mtoto, au ambaye mambo hayo yanaendelea kumfika hadi leo, usiubebe mzigo huo peke yako. Mwelekeze apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi, au aende kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowasaidia waliofanyiwa ukatili. Watu wazima wengi wanachotaka ni kujibiwa tu, na jawabu fupi huwatosha.

Binti wa Chake
Ahsanteni nyote. Sentensi nimeiweka juu, na wawili kati ya walioniandikia nimewapa nambari hiyo. Mzee wangu, jawabu la Maksuudi nimeliandika upya mara mbili kwa maneno yale yale uliyoyataja, na mara zote mbili limenijia kwa sauti ya ami yangu.