Majina na Picha za Watoto Kwenye Tovuti ya Kikundi

Kikundi cha wazazi na walezi, Kisauni, Mombasa

Mama Rahma: Assalaam aleykum, wazazi wenzangu. Jana usiku nilifungua tovuti mpya ya kikundi cha vijana wetu nikakuta mambo mengi ya kupendeza. Nimekuta pia orodha ya kambi ya Aprili yenye jina kamili la kila mtoto, umri wake, shule anayosoma, nambari ya simu ya mzazi na hata maelezo ya maradhi, pumu ya huyu na kifafa cha yule. Naomba orodha hiyo iondolewe leo hii, kabla hatujazungumza jambo jingine lolote.

Kaka Yusuf (msimamizi wa tovuti): Waaleykum salaam, Mama Rahma. Nimeiondoa sasa hivi. Naomba wazazi wafahamu kwamba kufuta kiungo kwenye ukurasa hakutoshi, kwa sababu faili lenyewe hubaki kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na mwenye anwani yake huendelea kulifungua. Kwa hiyo nimelifuta faili pia, kisha nikawaomba Google waiondoe nakala iliyosalia katika matokeo ya utafutaji. Aliyekwisha kulipakua hatuna njia ya kumfikia.

Baba Faraji: Kuhusu orodha sina ubishi, na ninashukuru. Ninachoomba ni kwamba tusiziondoe picha nazo. Kikundi hiki kinaishi kwa michango, na mfadhili anayeombwa mahema na jezi hutaka kuwaona watoto wenyewe wakipanda mikoko kule Tudor. Mwanangu naye alipoiona picha yake akiwa ameshika cheti, alitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwalimu Saida: Baba Faraji, fahari ya mtoto ni kitu kikubwa na sipendi tumnyime. Hata hivyo, itazame picha hiyo ya cheti kama angeitazama mtu asiyemfahamu kabisa. Uso uko wazi, jina limeandikwa chini yake, nembo ya shule iko kwenye shati, na ukurasa unaofuata unaeleza kwamba vijana hukutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi katika uwanja uliotajwa kwa jina. Kila jambo likiwa peke yake halina madhara makubwa, lakini yakikusanyika, mtu mwenye nia mbaya anaweza kumsubiri mtoto njiani, akamwita kwa jina lake, akataja shule yake na zawadi aliyoipata, na mtoto akaamini kwamba huyo ni jamaa wa nyumbani. Tumewafundisha watoto wasifuatane na wasiowajua, ilhali tovuti yetu inamfundisha mtu huyo namna ya kujifanya anajulikana.

Bi Mwanaisha: Wanangu, mimi ni mtu mzima na mambo ya tovuti siyajui sana. Baba wa wajukuu zangu anafanya kazi Muscat na huwaona wanawe wakikua kwa njia ya picha hizo hizo. Je, yeye naye atafungiwa?

Kaka Yusuf: Shikamoo, Bibi. Hatafungiwa. Picha za familia zitawekwa kwenye ukurasa wenye nenosiri, na nenosiri atapewa mzazi au mlezi aliyemwandikisha mtoto, akiwemo aliye ng'ambo. Nitawaomba tu wanaolipokea wasilisambaze, na wasizihamishie picha hizo kwenye kurasa zao za Facebook, kwa kuwa katika picha moja huwamo watoto wa nyumba nyingi.

Mama Neema: Ningependa kuongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii nimekutana na akina mama waliouhama mji usiku pamoja na watoto wao kumkimbia mtu aliyekuwa akiwapiga, na nimekutana na watoto ambao mahakama imewaweka chini ya mlezi mmoja kwa sababu nzito. Kwa familia ya namna hiyo, picha moja ya mtoto yenye jina la mtaa inatosha kumwonyesha anayewatafuta mahali pa kuanzia. Mama huyo hawezi kusimama mkutanoni akaeleza kwa nini hataki picha, wala hapaswi kulazimishwa kufanya hivyo. Fomu iwe na nafasi ya kukataa pasipo kuulizwa sababu, na tafadhali asitokee mtu wa kukisia hapa kwamba fulani amekataa kwa ajili ya hili au lile. Viongozi nao wawe waangalifu ili mtoto ambaye familia yake imekataa asisogezwe pembeni mbele ya wenzake kila kamera inapotolewa. Ni afadhali picha ionyeshe mikono iliyoshika miche kuliko mtoto mmoja aonekane ana kasoro.

Baba Faraji: Hilo la mwisho, Mama Neema, sikuwa nimelifikiria. Lakini sote tulitia saini fomu mwanzoni mwa mwaka. Je, saini hizo hazina maana?

Mwenyekiti: Nimeisoma fomu hiyo tena asubuhi ya leo. Inasema mzazi anaridhia mtoto ashiriki katika shughuli za kikundi, na haitaji tovuti wala picha mahali popote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kushughulikia data ya mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, tena inataka ishughulikiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Ridhaa peke yake haitoshi. Kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni juu yetu sisi tunaotumia data hiyo, na mzazi anaweza kuiondoa wakati wowote. Huenda baadhi yenu mnakumbuka kwamba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata kama faini isingekuwepo, mimi nisingekubali tuendelee jinsi tulivyo.

Mama Rahma: Naomba mtoto naye aulizwe. Binti yangu ana miaka kumi na minne, na kuna picha ya kambi ambayo mimi naiona nzuri lakini yeye inamtia haya. Ridhaa yangu isiwe kisingizio cha kumpuuza yeye.

Kaka Yusuf: Nimekubali, na nitaweka kwenye tovuti kitufe cha kuomba picha iondolewe, kitakachofanya kazi kwa mzazi na kwa mtoto. Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo viongozi wanapaswa kulijua: picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake vipimo vya GPS vya mahali ilipopigwa, ikiwa kamera imeruhusiwa kuvihifadhi. Aliyempiga mtoto picha akiwa kibarazani kwao anaweza kuchapisha anwani ya nyumba bila kujua. Nitavifuta kabla ya kupakia picha yoyote.

Mwenyekiti: Basi kuanzia leo ukurasa wa wazi utaonyesha kazi ya vijana, kwa picha za mbali au za kutoka nyuma, bila majina. Ratiba itatumwa humu, na habari za safari zitachapishwa vijana wakisharudi nyumbani. Nambari za wazazi zitaondolewa zote, na ibaki ya ofisi. Maelezo ya maradhi atakuwa nayo kiongozi wa kambi peke yake, na yatafutwa kambi ikimalizika.

Baba Faraji: Nami nitawaandikia wafadhili kueleza idadi ya miche iliyopandwa na matumizi ya kila shilingi, na anayetaka kuwaona watoto nitamkaribisha siku ya kupanda, wazazi wakiwepo. Picha ya cheti naomba ihamishiwe kwenye ukurasa wa nenosiri. Mwanangu nimemweleza sababu, naye ameridhia.

Mwenyekiti: Fomu mpya zitakuwa kwa Mwalimu Saida kuanzia Jumatatu. Picha ya mtoto ambaye fomu yake haijarudi itahesabiwa kuwa imekataliwa.