Jonali imesomwa salama, faili iko tupu: ext4, Btrfs/ZFS au soft updates?

Swali
Wakuu, msaada. Seva ya Linux, mfumo wa faili ni ext4, mipangilio ya kawaida. Umeme ukikatika inawaka vizuri, jonali (daftari la mabadiliko ya diski) inasomwa kwa sekunde chache, fsck (kikagua mfumo wa faili) haioni kosa. Ila faili ya mipangilio iliyokuwa ikiandikwa upya inakutwa na baiti 0. Si jonali ndiyo ilipaswa kuzuia hili? Kuhamia mifumo mingine ya faili, yaani Btrfs, ZFS au soft updates za FreeBSD, kutasaidia?

Jibu 1
Mkuu, jonali haijakosea, unaidai kazi isiyo yake. Kwa data=ordered, hali ya kawaida ya ext4, inayotunzwa humo ni metadata tu: inodi (rekodi ya kila faili), saraka, ramani ya bloki. Muamala (kifurushi cha mabadiliko) hufungwa kila baada ya sekunde 5 hivi. Programu yako bila shaka inafungua faili kwa O_TRUNC (inayoikata hadi baiti 0) ndipo iandike. Kukatwa hadi 0 kumeingia kwenye muamala uliofungwa, data mpya ingali kwenye RAM kwa sababu ext4 huchelewa kugawa bloki. Kinga ya auto_da_alloc hulazimisha bloki zigawiwe faili inapofungwa, lakini muamala ukifungwa kabla ya close(), imekula kwako.

Dawa iko kwenye programu: andika mipangilio.tmp, ipige fsync() (amri ya kulazimisha data iingie diskini), rename() juu ya ile ya zamani, kisha fsync() ya saraka. Hiyo ya mwisho wengi huiruka.

Jibu 2
Btrfs na ZFS haziandiki juu ya bloki inayotumika. Bloki mpya huandikwa pembeni, mti unafuata hadi kwenye mzizi, na bloki kuu hubadilishwa mwisho kabisa. Umeme ukienda katikati, unaamkia kwenye mti wa zamani ukiwa mzima. Ila mzunguko huo ni sekunde 5 kwa ZFS na 30 kwa Btrfs, na programu isiyopiga fsync() hupoteza kilichokuwa ndani yake. Ukipiga fsync(), ZFS huandika kwenye ZIL (logi yake) na Btrfs kwenye mti wake wa logi, kwa hiyo hata huku daftari lipo, dogo tu.

Faida kubwa kwangu ni cheksamu ya data (namba ya kugundua data iliyoharibika). Gharama ni hifadhidata kutapakaa diskini. Kwa Btrfs, wengi huzima uandishi huo wa pembeni kwa kuweka chattr +C kwenye saraka (kabla faili hazijaundwa, la sivyo haishiki), wakisahau kwamba inazima cheksamu hizo hizo.

Jibu 3
Soft updates hupanga tu zamu ya kuandika metadata, ili kielekezi kisitangulie kitu kinachoelekezwa. Kinachobaki baada ya ajali ni bloki na inodi zisizo na mwenyewe. Unapachika mara moja, fsck inazikusanya nyuma ya pazia. Kwa diski kubwa ilichukua muda mno, ndiyo maana FreeBSD 9.0 (2012) ikaongeza jonali ndogo. Soft updates hazitibu tatizo la faili yako tupu.

Muulizaji
Na data=journal, yaani data yenyewe nayo ipite kwenye jonali?

Jibu 1
Data inaandikwa mara mbili, na ucheleweshaji wa kugawa bloki unazimika. Bado O_TRUNC na write() vinaweza kuangukia miamala miwili tofauti. Angalia kwanza /proc/mounts: ukiona nobarrier au barrier=0 (huacha kuiamuru diski imwage kashe yake), iondoe. Diski ikidai imeshaandika ilhali data iko kwenye kashe yake, mifumo yote hii mitatu inajenga juu ya uongo.