Mjadala: Wanakijiji wakikataa dampo la jiji wanakosea wapi?

Wakuu, kuna hoja imekuwa ikirudi kila mara na safari hii imekuja kwa ukali, kwamba wanavijiji wanaokataa dampo la jiji lisijengwe kwao ni wabinafsi, wanazuia maendeleo, taka ni za wote kwa hiyo lazima ziende mahali. Mchangiaji mmoja kaenda mbali zaidi, kasema serikali itumie nguvu tu, kwani hayo mashamba yenyewe si ya mihogo na mikorosho. Mi napinga, na napinga kwa sababu stori ya dampo kuhamishwahamishwa tunayo hapahapa Dar na wengi hawaijui.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo lililokuwa kwao, moshi, harufu, nzi, wakashinda, mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda. Likapewa. Likaomba tena. Ikafika mahali Jaji Lugakingira akakataa, akasema hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akasimamia ibara ya 14 ya katiba, haki ya kuishi. Kesi ile inatajwa na wanasheria mpaka leo. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, kule nako mtu mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani mwaka 1991 na wenyewe wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, leo ziko Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 hivi kutoka Posta, katikati ya jiji.

Sasa swali langu kwa mnaowaita wanavijiji wabinafsi, mbona watu wa Tabata hamuwaiti hivyo? Wale tunawasifu kwamba walidai haki yao. Mkulima akisema maneno yaleyale kwenye mkutano wa kijiji anaambiwa hajaelimika, ametumwa na wanasiasa, haitakii nchi mema. Tofauti yao nini, zaidi ya kwamba mmoja anaishi kwenye mtaa na mwingine anaishi porini huko?

Halafu hili neno la "dampo la kisasa", tusilichukulie juujuu. Dampo la kisasa kweli lipo na linajulikana lilivyo. Chini unashindilia udongo wa mfinyanzi, juu yake unatandika plastiki nene iliyounganishwa kwa moto isiwe na tundu, juu yake mabomba ya kukusanya yale maji meusi yanayochuruzika kwenye taka, yanaenda kwenye bwawa la kuyasafisha. Kila jioni taka za siku hiyo zinafukiwa na udongo. Kuna mabomba ya kutoa gesi maana taka zikioza zinatoa methani, na methani inashika moto kirahisi, ni moja ya sababu madampo yanawaka siku nzima. Pembeni kuna visima vya kupima kama maji ya ardhini yameanza kuharibika. Mzani getini. Fensi. Hivyo vyote vinagharimu hela kila siku, si siku ya kukata utepe tu. Udongo wa kufukia unahitaji tingatinga, tingatinga linahitaji dizeli, na dizeli ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Ukishaacha kufukia miezi mitatu tu hapo huna tena dampo la kisasa, una jaa la kawaida lenye kibao kizuri getini.

Mwanakijiji haoni hiyo plastiki ya chini. Anachoona ni barabara ya vumbi ambayo malori yatapita mbele ya shule, bila turubai, mifuko inadondoka mpaka kwenye mihogo. Anaona kisima kiko bondeni na shimo linachimbwa mlimani. Kwa kuangalia tu mteremko ameshajua yale maji meusi yataelekea wapi masika, kabla hata ya mtaalamu kufungua kompyuta. Huyo mnamwita hajaelimika?

Na sheria iko upande wake zaidi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa itoke mikononi mwa kijiji, kama haizidi hekta 250, mwenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu, yani watu wazima wote wa kijiji. Siyo mwenyekiti na mtendaji na wajumbe wawili wamekaa ofisini na afisa ardhi. Hapa ndipo mambo mengi yanaharibikia. Nilishakaa mkutano wa namna hii, kijiji sikitaji, karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla ya ajenda kusomwa, watu wakasaini wakijua ni posho, baadaye karatasi ileile ikabandikwa kwenye muhtasari kwamba wananchi wameridhia. Mama mmoja akauliza, "Nimeridhia nini?" Hakujibiwa. Mkifanya hivyo halafu watu wakafunga barabara malori yasipite msije kusema ni wakorofi.

Nakuja kwenye hoja ngumu, sitaki kuikimbia. Kuna mchangiaji ametaja Ethiopia na yuko sahihi kuitaja. Addis Ababa walikuwa wanamwaga taka kwenye dampo la Koshe miaka zaidi ya 50. Wakajenga dampo jipya Sendafa, nje ya mji, eneo la Oromia, kwa msaada wa Ufaransa, likaanza kutumika 2016. Wakulima wa Sendafa wakalalamika harufu, maji, mifugo kufa, wakagoma, likafungwa ndani ya miezi michache. Taka zikarudi Koshe. Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe ukaporomoka ukafukia nyumba, watu zaidi ya 110 wakafa. Mchangiaji anasema, mnaona, kukataa kwa wakulima kumeua watu.

Inauma hiyo, na siwezi kusema hakuna uhusiano. Lakini mkulima wa Sendafa siye aliyeamua kurudisha malori kwenye mlima uliokuwa umeshajaa huku watu wanaishi pembeni yake. Na Kampala je? Dampo lao, Kiteezi, lilikuwa linatumika tangu 1996, likajaa, kila mtu anajua limejaa, wakaendelea kumwaga mpaka Agosti 2024 mvua zikaja likaporomoka, zaidi ya watu 30 wakafa. Hawa watu waliuawa na uongozi wa jiji kutojiandaa, miaka na miaka.

Msimamo wangu ni huu. Kijiji kikatae mpaka vitu vionekane kwa macho kwanza. Plastiki itandikwe, mabomba yalazwe, maji ya visima vya kijiji yapimwe kabla lori la kwanza halijaingia, majibu yabaki kwa maandishi ofisi ya kijiji ili mwaka wa tatu maji yakibadilika pawe na cha kulinganisha. Fidia ilipwe kabla, siyo "mchakato unaendelea". Na mji upunguze taka zake kwanza, sababu sehemu kubwa ya taka za nyumbani ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo vinaweza kuwa mboji. Kinondoni hapa Dar wana kiwanda cha mboji Mabwepande walichojenga na watu wa jiji la Hamburg, Ujerumani, kwa hiyo tusiambiane haiwezekani. Soko zima linapakia maganda ya ndizi na mananasi kwenye lori yakasafirishwe kilomita 30 kuozea shambani kwa mtu, kwa nini?

NYONGEZA: Nimesoma komenti. Aliyesema wanakijiji watapata ajira, sawa, lakini tuandikiane ni ajira ngapi, mkataba wa muda gani, na nani atavaa glavu na buti, maana kuokota chupa juu ya jaa bila kinga siyo ajira ya kumuahidi mtu. Aliyesema nimekaa Dar natoa taka halafu natetea kijiji, ndiyo, taka zangu zinaenda Pugu na ndiyo maana naongea.

Mlioko kwenye vijiji ambavyo jiji au halmashauri imeshakuja kuomba eneo, leteni yaliyotokea. Mkutano mkuu uliitishwa? Mlipiga kura au mlisaini mahudhurio tu? Na muhtasari mliwahi kuuona?