Mrejesho: Ile makala yangu ya utafiti iliyorudishwa na jarida

Wakuu, habari za siku. Mtakumbuka niliuliza kwa nini makala yangu kuhusu sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) kwenye mahindi ilirudishwa na jarida na maneno "haieleweki unataka kusema nini". Nimerudi.

Nilimfuata yule aliyesema nianze na majedwali. Nikaweka maandishi yote kando, nikatandaza majedwali mezani na kujiuliza kila moja linasema nini. Mawili hayakusema kitu. Niliyatoa, ingawa roho iliniuma, maana sampuli zake zilinihangaisha wiki nzima. Kisha nikaandika mbinu, matokeo, mjadala; utangulizi ukafuata, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) mwisho kabisa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuficha jibu. Nilikuwa naandika "ilibainika kuwepo kwa tofauti ya kitakwimu baina ya njia za uhifadhi". Tofauti gani sasa? Siku hizi sentensi inasema waziwazi: mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa yalikuwa na sumukuvu kidogo kuliko yale ya viroba vya kawaida, na kiasi kinatajwa hapohapo. Maoni yangu yaliyokuwa yamejipenyeza kwenye matokeo nimeyahamishia kwenye mjadala.

Mlionishauri nipunguze marejeo, yaani vyanzo nilivyovitaja, sikuwasikiliza. Msimamizi wangu aligoma.

Jarida la pili nililolipelekea makala hii limejibu juzi: marekebisho madogo tu. Mhakiki mmoja analalamikia kichwa cha makala, eti kirefu mno. Ana haki, kina mistari mitatu. Nakikata usiku huu.