Kiti cha umeme kinakomea njiani, reli bado ina sentimita 4 nyuma

Mkwaju_Kavu: Habari za jioni wakuu. Gari ya spoti ya viti viwili, kiti cha dereva ni cha umeme chenye memori. Kikirudi nyuma kinasimama kabla ya mwisho. Nikipima kwa futi, reli ina kama sentimita 4 tupu. Cha abiria kinafika. Betri ilikufa, ikawekwa mpya. Naweza kuusogeza huo ukomo, au nikate kile kibati cha mwisho wa reli? Gari ipo Tanga, Raskazone.

Waya_Mwekundu: Kibati usikiguse, shekhe. Ndicho kinachozuia kiti kuchomoka kwenye reli siku ya ajali, na ukikikata ukomo wako utabaki palepale.

Kwanza sikiliza mota. Kiti kikisimama ghafla, kimya, taa za dashibodi zisififie, kilichokisimamisha ni kontroli boksi, kompyuta ndogo inayoongoza kiti. Mota ikinguruma na taa zikififia, kuna kitu kinazuia.

Boksi halina macho. Mota ina sensa inayohesabu mizunguko, na kwa hesabu hiyo tu boksi linajua kiti kilipo. Umeme ukikatika kiti kikiwa kwenye mwendo, hesabu inateleza, boksi linaamini kimefika ukutani. Kifundishe upya: betri ijae au chaja iwe juu yake, maana volti zikishuka boksi linaweza kukatisha zoezi. Peleka kiti mbele mpaka kigote, shikilia swichi sekunde 5 hivi. Rudisha nyuma, kikikoma achia, bonyeza tena upande uleule. Kwenye baadhi ya magari kila mbonyezo utakiongezea kidogo. Endelea mpaka usikie kimegonga chuma, shikilia tena sekunde 5, kisha kipeleke mbele hadi mwisho. Halafu hifadhi memori upya, za zamani zitakuwa zimepotoka.

Mkwaju_Kavu: Kinasimama kimya, taa hazififii. Ila mbonyezo wa pili hakisogei hata kidogo.

Waya_Mwekundu: Basi inataka mashine ya kupimia, ile kompyuta ya fundi inayochomekwa kwenye gari. Fundi aingie kwenye moduli ya kiti, yaani lile boksi, atafute sehemu ya kukifundisha upya. Kufuta kodi za hitilafu peke yake hakusaidii.

Spana_Kumi_na_Tatu: Kabla ya mashine, chungulia chini kwa tochi. Sarafu au kifuniko cha chupa kikikaa kwenye reli, boksi linajifunza mwisho wa uongo, na ukilifundisha upya bila kukitoa litajifunza uongo uleule.

Pia pima pande zote mbili, kutoka ncha ya reli mpaka kwenye kigari cha kiti, kile kinachoteleza juu ya reli. Mota moja huzungusha skrubu mbili ndefu kwa nyaya za kupinda, kama waya wa spidomita. Waya mmoja ukiruka meno, upande mmoja unatangulia, kiti kinakwenda mshazari na kukaba. Tofauti ikizidi milimita 3, chomoa nyaya zote mbili, zungusha kila skrubu kwa mkono mpaka pande zote zigote mbele, ndipo uzirudishe.

Kwa kazi hiyo kiti lazima kitoke. Kisogeze mbele ufungue bolti za nyuma, kisha nyuma ufungue za mbele, *halafu ndiyo* utoe betri. Wengi hutoa betri kwanza, wakakwama na bolti mbili wasizozifikia. Toa negativu, subiri dakika 10 kabla ya kugusa soketi ya njano, hiyo ni ya eabegi, mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali. Usiwashe switi ya gari soketi hiyo ikiwa imechomolewa. Ukiwasha, taa ya eabegi itawaka na kudai mashine.

Na chumvi ya hapo Raskazone haina huruma kwa reli. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa, paka nyeupe ya lithiamu, nyembamba. Ile nzito ya bearing inakamata mchanga na kugeuka msasa.

Mkwaju_Kavu: Kulikuwa na kifuniko cha soda, reli ya kulia, kimebanwa bapa. Nimekitoa, kiti bado kinakomea palepale. Naenda kwenye mashine.

Waya_Mwekundu: Sawa. Mwambie fundi asianze mpaka chaja iwe kwenye betri.