Moab kwa Jeep na mwongozaji: tuko sita, mama mkwe ana mgongo. Njia ipi?

MamaNeema_SLC

Wadau, habari za majukumu. Wikendi ya kwanza ya Oktoba tunashuka Moab, huku huku Utah, kutoka Salt Lake City: mimi na baba Neema, watoto wawili (miaka 4 na 9), mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Kigoma, na shemeji yangu. Tunataka ziara ya Jeep yenye mwongozaji kwenye ile miamba myekundu. Kila tangazo ninalofungua linapigia debe njia iitwayo Hell's Revenge, na picha zake ni za gari limeinua pua juu hadi natishika. Mama ana miaka 64, kiuno humsumbua ila hajawahi kufanyiwa upasuaji. Shemeji naye kashikilia kwamba lazima aendeshe mwenyewe, eti barabara za Kigoma wakati wa masika zimeshamfundisha kila kitu.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Njia ipi inatufaa, huyu wa miaka 4 ataruhusiwa, shemeji tumwache au tumzuie, na bei zikoje?

Korongo_Jekundu

Karibu dada. Nianze na njia, maana hapo ndipo watu wanapouziwa kisichowafaa.

Hell's Revenge iko Sand Flats, dakika chache juu ya mji. Urefu wake ni kama kilomita 10 na nusu tu, lakini inakula saa mbili hadi tatu kwa sababu karibu yote ni jiwe tupu. Unapanda mgongo wa mwamba, unashuka upande wa pili, unapanda mwingine. Mgongo wa kwanza uko pale pale mwanzoni, mwembamba, kulia genge na kushoto genge, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuzoea kwanza. Gari likielekea juu, aliyekaa mbele haoni kitu ila boneti na mbingu. Vile vikwazo vinavyopigwa picha sana, yaani Hell's Gate, Escalator na Mickey's Hot Tub, si vya lazima. Vina njia za pembeni na magari mengi ya watalii huvikwepa.

Kwa mgongo mbovu lakini tatizo si mwinuko. Tatizo ni ngazi za mwamba. Gari linatambaa polepole, tairi la mbele linashuka ngazi taratibu, halafu la nyuma linadondoka. Aliyekaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, ndiye anayerushwa kuliko wote, na kishindo kinaishia kiunoni. Mama asipande njia hii. Kampuni nyingi zenyewe huwakatalia wajawazito na wenye matatizo ya mgongo au shingo, na fomu mtakayosaini itauliza. Msifiche, mkidhani mnamfanyia mama hisani.

Mama anafaa Shafer Trail, inayoungana na Potash Road. Mnaingilia juu, Island in the Sky ndani ya hifadhi ya Canyonlands, na barabara inajikunja kona baada ya kona kwenye ukuta wa genge ikishuka zaidi ya mita 300. Ilianza kama njia ya mifugo, ikapanuliwa miaka ya 1950 ili malori ya urani yapite, ndiyo maana mteremko wake unavumilika kwa gari kubwa. Ni udongo na changarawe. Mtatikisika, ila hamtadondoka. Mwambieni mama mapema kwamba hakuna ukingo wa chuma. Kama urefu unamtisha, akae upande wa ukutani. Wakati wa kushuka upande huo hubadilika kila kona, kwa hiyo kiti cha katikati ndicho dawa.

Chini kule mkiendelea na Potash mtakuta mabwawa ya buluu kali katikati ya wekundu wote ule. Watoto wataona ni bwawa la kuogelea. Ni maji ya chumvi yanayopampiwa kutoka mgodi wa potashi ulio chini, na rangi ya buluu hutiwa makusudi ili maji yanyonye joto la jua na kukauka haraka. Upande huo pia kuna kipande kibovu, mawe na mikondo iliyokatwa na mvua, kisha mnatokea kwenye lami kando ya mto Colorado hadi mjini. Nusu siku inatosha.

Ushauri wangu: gawanyikeni. Wewe, mama na mdogo mwende Shafer, na baba Neema, shemeji na wa miaka 9 wapande Sand Flats. Kulazimisha watu sita kwenye njia moja ndiko kunakoharibu safari.

Kuhusu mtoto: sheria ya Utah inataka aliye chini ya miaka 8 akae kwenye kiti cha mtoto au cha kumwinua. Juu ya hapo kila kampuni ina umri wake wa chini, na hutofautiana kwa njia na kwa aina ya gari. Usiulize "mnachukua watoto?" Uliza "wa miaka 4, kwa njia hii, kwa gari hili, na kiti ni chenu au changu?" Bei kwa mtu mzima, saa mbili hadi tatu, mara nyingi huzunguka dola 100, nusu siku zaidi. Bahashishi ya dereva ni asilimia 15 hadi 20.

FundiPropela

Mimi niongelee shemeji. Asizuiwe, ila apelekwe kwenye ziara ambayo mteja anaendesha na mwongozaji anatangulia na gari lake, wakiongea kwa redio. Zipo. Tope la Kigoma na mwamba wa Moab ni mitihani miwili tofauti. Kwenye tope unaogopa kupoteza kasi. Kwenye mwamba kasi ndiyo inayovunja gari.

Ajue haya kabla hajafika.

Jiwe lile ni mchanga wa kale ulioganda, matuta ya jangwa ya zamani za dinosaria. Wekundu wake ni chuma kilichopata kutu. Nali za farasi ziliteleza juu yake, lakini mpira wa tairi unashika kama msasa. Kushika huko kuna gharama. Gari likiwa kwenye fowili ya kawaida (injini inasukuma tairi zote nne) isiyo na difu ya katikati, kile kifaa kinachoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, ukikata usukani mpaka mwisho juu ya jiwe kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi tofauti na hakuna mahali pa kuteleza ili mkazo utoke. Ongeza difu loki (inayofunga tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja), kanyaga mafuta kwa hasira, na utasikia mlio mmoja tu: krosi, yaani kiungo cha ekseli ya mbele, imekwenda. Kwa hiyo loki huwekwa tairi zikiwa zimenyooka, kwa ajili ya kikwazo kimoja, kisha hutolewa.

Upepo wa tairi. Jeep Wrangler barabarani hutembea na 35 hadi 37 psi. Kwa mwamba hupunguzwa hadi 18 au 22. Tairi linalala, linakumbatia jiwe, na nusu ya mitikisiko inamezwa hapo. Chini ya 15 kwa rimu za kawaida ni kuomba tairi litoke kwenye rimu kona ya kwanza. Mkirudi, jazeni kabla ya kushika lami ya mwendo kasi. Tairi lenye 18 psi kwenye kilomita 100 kwa saa linachemka ubavuni hadi kupasuka.

Kupanda: gia nzito, namba moja, mguu mtulivu, fuata mistari myeusi ya mpira iliyoachwa na waliopita. Kushuka: namba moja hiyo hiyo, injini ishike gari, breki iguswe tu. Ukifunga tairi kwenye mteremko gari linageuka sledi.

Sasa lile la muhimu kuliko yote. Mlima ukimshinda katikati, ASIGEUZE. Akanyage breki, aweke rivasi kwenye gia nzito, atazame nyuma, ashuke mstari ule ule aliopandia, usukani umenyooka. Asiweke huru, hata sekunde moja. Gari likikaa kimshazari kwenye mteremko, uzito unahamia kwenye tairi mbili za chini na linabiringika bila hata kuwa na mwendo. Ajali nyingi za aina hiyo huanza na dereva aliyeona aibu kurudi nyuma.

Mwongozaji akishuka kumwelekeza kwa mikono, amtazame yeye peke yake. Ngumi iliyofumbwa ni simama. Abiria wote wanyamaze, hasa baba Neema. Vidole gumba viwe juu ya usukani, visiingizwe ndani ya spoku, maana tairi likigonga jiwe usukani unaweza kupiga kidole. Na hakuna mkono wa mtu nje kushika bomba la paa. Gari likilala, bomba ndilo linalogusa jiwe kwanza.

TairiTupu

Naona mnamtisha dada wa watu. Akodi vile vigari vidogo vya wazi vya nje ya lami, UTV, ni nafuu, vina springi laini, wote wanaingia viwili.

Korongo_Jekundu

@TairiTupu springi laini kwa kijana, sawa. UTV ni nyepesi na inakimbizwa, kwa hiyo mgongo unapata vipigo vingi vidogo mfululizo, na wa gari la pili anakula vumbi lote. Isitoshe, UTV hairuhusiwi kabisa ndani ya Canyonlands, maana yake Shafer imekufa. Wote walio chini ya miaka 18 ni lazima wavae kofia ngumu, na ya saizi ya mtoto wa miaka 4 si rahisi kuipata dukani kwa mkodishaji. Kwa familia hii, hapana.

MamaNeema_SLC

Asanteni sana, mmenifungua macho. Tunagawanyika. Mama amecheka aliposikia kuhusu kiti cha katikati, kasema hapo ndipo anapokaa siku zote kwenye daladala. Maswali ya mwisho: wa miaka 9 hutapika kwenye gari, tumpe nini? Tuvae nini? Mvua ikinyesha hela inarudi? Na wifi anatoka Phoenix kuungana nasi, kuna cha kumwambia?

Bi_Hatua

Kutapika: akae mbele kama umri na kampuni vinaruhusu, la sivyo katikati, macho kwenye upeo wa mbali, simu marufuku. Dawa ya kichefuchefu cha safari hufanya kazi ikinywewa nusu saa hadi saa moja kabla. Ikinywewa akiwa tayari ameanza kubadilika rangi ni kazi bure. Muulize mfamasia kipimo cha umri wake, na jaribuni siku nyingine nyumbani kwanza kwa sababu zingine humlaza mtoto fofofo. Ale kitu kikavu, mkate au biskuti. Asipande na tumbo tupu.

Mavazi: Oktoba mwanzoni asubuhi inaweza kuwa chini ya nyuzi 10 na mchana ikapanda juu ya 20, na gari halina madirisha. Vaeni tabaka, koti la kukinga upepo juu. Viatu vya kufunika vidole, kofia yenye kamba, miwani. Kanga ya mama iende, tena mbili: moja ya kuzuia vumbi puani, nyingine ikunjwe nyuma ya kiuno. Nguo nyeupe ziacheni Salt Lake, ule udongo mwekundu ukishaingia kwenye pamba hautoki wote. Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku nzima. Kwa ziara ya saa tatu lita moja na nusu inatosha, kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Vyoo viko kando ya barabara ya Sand Flats, ila mkishaingia kwenye mwamba wenyewe hakuna. Pelekeni watoto kabla.

Mkisimama kutazama nyayo za dinosaria, mtoto asikimbilie pembeni kwenye ule udongo mweusi wenye vinundu. Una uhai ndani yake, ndio unaoshika jangwa lisipeperuke, na alama ya kiatu kimoja huchukua miaka mingi kupona. Akanyage jiwe au mchanga wa korongo.

Mvua: manyunyu hayazuii safari. Radi inazuia, kwa kuwa juu ya mwamba gari ndilo kitu kirefu. Shafer ikilowa inakuwa utelezi na hufungwa. Msimu wa ngurumo za mchana ni Julai hadi Septemba, nyinyi mnaupita kidogo tu, kwa hiyo chukueni safari ya asubuhi. Habari ya hela someni kabla ya kulipa: wao wakifuta kwa hali ya hewa kwa kawaida hurudisha au hubadilisha siku, nyinyi mkifuta siku moja kabla mara nyingi imekula kwenu.

FundiPropela

Naongezea la bima. Kama shemeji atakodi Jeep pale Moab ili amfuate mwongozaji, akague na kupiga picha chini ya gari, rimu na bampa kabla hajasaini, kisha aulize kwa maandishi nani analipa tairi lililochanwa na vilivyo uvunguni. Mara nyingi ni yeye. Gari la kukodi la uwanja wa ndege lisiguse njia hizi, mkataba wake haukubali nje ya lami. Na gari la kuvuta la kawaida haliji juu ya mwamba, huja gari la uokoaji maalumu, na bili yake inaweza kupita dola elfu moja.

Korongo_Jekundu

Wifi wa Phoenix: Arizona haisogezi saa, Utah inasogeza hadi Novemba mwanzoni. Wikendi yenu Utah itakuwa mbele kwa saa nzima. Apange kengele kwa saa ya Moab na afike ofisini dakika 30 kabla, kuna fomu za kusaini na dereva hasubiri.